Barua ya wazi kwa uongozi wa shule yetu: wavueni watoto kile kibao

Kwa Mkurugenzi, Mwalimu Mkuu, Mwenyekiti na wajumbe wa Bodi ya Shule.
Nakala kwa wazazi wenzangu wa chekechea na madarasa ya chini.

YAH: KIBAO CHA KILUGHA, NA WARAKA WA KUTUPANGIA LUGHA YA KUONGEA MAJUMBANI

Waheshimiwa, shikamooni wakubwa zangu, na wengine habari za kazi.

Tafadhali rejeeni mada tajwa hapo juu. Mimi ni mzazi mwenye watoto watatu hapo shuleni, mapacha wako darasa la pili na mdogo wao yuko chekechea. Jina la shule silitaji na walimu siwataji, sitafuti kumharibia mtu kazi, na nyie mkisoma mtajijua wenyewe. Naandika hadharani kwa sababu njia za ndani zimeisha. Niliandika kwenye dayari ya mtoto nikajibiwa kwa tiki. Nikaja ofisini nikaambiwa Mwalimu Mkuu yuko kikaoni, nikasubiri kwenye lile benchi la koridoni mpaka watoto wakatoka, mwisho nikaambiwa na karani kwamba hiyo ni sera ya shule. Nikauliza kwenye grupu la WhatsApp la wazazi, kumbe sikuwa peke yangu, wazazi wakaanza kufunguka mmoja baada ya mwingine, jioni ile ile grupu likafungwa wakabaki maadmini tu ndo wanaandika, na meseji iliyofuata ilikuwa ya kukumbusha ada. Basi nikaona niandike huku ambako hakuna admini.

Kwanza mjue nyumba yetu ikoje ili msije mkasema huyu mama anataka kurudisha watoto porini. Mume wangu ni Msukuma wa Magu, mimi ni Mkerewe, tumekutana mjini na tumependana kwa Kiswahili, kama nyumba nyingi tu za Mwanza hii kuanzia Buhongwa mpaka Igoma. Watoto wetu Kiswahili wamezaliwa nacho, hiyo haina mjadala. Ila mama mkwe wangu tunaishi naye na yeye wajukuu anaongea nao Kisukuma tu. Kiswahili cha sokoni anacho, cha kununulia sato na kugombana na bodaboda anacho sana, lakini hadithi hawezi kuisimulia kwa Kiswahili ikanoga, wala kumtuliza mtoto mwenye homa usiku. Mimi kwa upande wangu naongea nao Kikerewe, na likizo tukivuka kwenda Nansio wanakikuta tele. Tulikubaliana hivyo mimi na baba yao mapema kabisa. Kiingereza tukasema tutawaachia nyie, ndo maana tunalipa ada ya inglishi midiamu.

Sasa malalamiko yangu ni haya.

1. Kibao

Wazazi wa madarasa ya juu wanakijua, wa chekechea labda bado. Ni kipande cha mbao kina kamba, kina maandishi ya Kiingereza yanayomtangaza mtoto kwamba ameongea kilugha. Anayekutwa anavishwa shingoni, anatembea nacho mpaka amsikie mwenzake naye akiteleza, anamkabidhi, na atakayekutwa nacho jioni anabaki kufagia darasa wenzake wakipanda basi. Akiongea Kiswahili anaonywa kwanza (na hilo la kuonya mtoto wa Kitanzania kwa kuongea Kiswahili lina barua yake siku nyingine), ila kilugha hakina onyo, ni kamba moja kwa moja.

Binti yangu alivishwa kwa sababu ya wimbo. Bibi yao huwa anawasimulia habari za Masala Kulangwa na lile dubwana Shing'weng'we, nadhani nusu ya walimu hapo mmekua nayo hadithi hii, dubwana linameza watu wote na ng'ombe wao anabaki mama mmoja mjamzito, mtoto wake ndo anakuja kuliua na kuwatoa watu tumboni. Hadithi ina sehemu za kuimba. Mtoto yuko mapumziko anawaimbia wenzake, wenzake wanaitikia, wamefurahi, hakuna kipindi kilichovurugwa, anatokea mwalimu wa zamu na kamba.

Hebu tuulizane, mlikitoa wapi kibao hiki? Maana sio uvumbuzi wenu. Shule za Wales karne ya 19 zilikuwa na kipande cha mti hicho hicho, wakikiita Welsh Not, na utaratibu ni huo huo, mtoto anayeongea Kiwelishi anavishwa, anampasia mwenzake, wa mwisho anachapwa. Leo hii serikali ya Wales imejiwekea lengo la kufikisha wasemaji milioni 1 wa lugha hiyo hiyo ifikapo mwaka 2050, wana shule zinazofundisha kwa Kiwelishi, wanahangaika kurudisha kitu walichokuwa wanawavua watoto kwa nguvu. Sisi tumeokota kile kijiti walichokitupa tunajiona tumeendelea.

Halafu mtu akisema ni adhabu ndogo tu, ni afadhali kuliko kiboko, mimi viboko sivipendi lakini viboko angalau vina kanuni, kanuni za wizara zinasema kosa liwe kubwa, visizidi 4, achape mwalimu mkuu au mwalimu aliyempa idhini kwa maandishi, na iandikwe kwenye daftari. Kibao kinasimamiwa na kanuni gani? Kinaandikwa kwenye daftari gani? Hapo mtoto wa miaka 7 mmempa kazi ya upolisi, anazunguka kutafuta wa kumchongea ili yeye asifagie. Na akifika nyumbani bibi yake akimuongelesha anaziba masikio. Hiyo nimeiona kwa macho yangu, sikuhadithiwa.

2. Waraka wa mwanzo wa muhula

Hili ndilo lililonifanya nishindwe kunyamaza kabisa, na nitalieleza kwa urefu mnisamehe.

Mmetuandikia wazazi kwamba nyumbani tuongee na watoto Kiingereza tu, sisi, dada wa kazi, na ndugu yeyote anayeishi na mtoto, tusije tukabomoa kazi ya shule. Yaani mama mkwe wangu, mwenye umri ule, ndani ya nyumba ya mwanae, ama ajifunze Kiingereza ama akae kimya. Mlipokuwa mnaandika mlifikiria mabibi wanaolea watoto wa mji huu ni wangapi? Sisi tunatoka asubuhi na giza tunarudi na giza, mtu anayekaa na mtoto ni bibi, ni shangazi, ni dada aliyekuja juzi kutoka Misungwi. Na Kiingereza changu mimi, niseme ukweli, ni cha kamu hia na siti dauni. Nikianza kuongea nacho na mtoto siku nzima nitakuwa namfundisha makosa yangu, halafu kile ninachokijua vizuri, cha utani, cha kuonya, cha kumueleza kwa nini mjomba na baba hawaelewani, nitakuwa nimekifungia kabatini.

Mtoto anaijua lugha kwa kuongeleshwa sana, kwa miaka, na mtu anayeimiliki. Hakuna njia ya mkato. Na hizi lugha za nyumbani kwetu hazina msaada mwingine wowote. Angalieni mgawanyo ulivyo: Kiingereza kina shule nzima, vitabu, katuni, YouTube na mitihani. Kiswahili kina mtaa wote, redio, televisheni, mpira, Bongo Fleva, msikiti na kanisa. Kisukuma cha wanangu kina bibi mmoja na masaa machache kabla ya kulala. Kikerewe kina mimi. Sasa nyie mnakuja kwenye hayo masaa machache mnasema na hayo tupeni.

Tena inavyokatika haikatiki kwa kelele. Mtoto akiwa mdogo wa miaka miwili mitatu anaongea chochote mnachomuongelesha. Akianza kukaa na wenzake anaanza kupima, lugha gani ina heshima, lugha gani wanacheka nayo. Anaendelea kuelewa ila anaanza kujibu Kiswahili. Bibi anauliza Kisukuma, mtoto anajibu Kiswahili, miezi inaenda, mzazi naye anachoka anahamia huko huko kwa sababu ndo rahisi, yule mdogo anayefuata hasikii kabisa. Nenda nyumba yoyote hapa mjini utakuta dada mkubwa anaelewa, wa kati anaelewa salamu tu, kitinda mimba akienda kijijini anakaa kama mgeni aliyekuja kuhesabu watu.

Mdogo wangu yuko chuo, nilimuomba anitafutie kama kuna waliolichunguza hili. Akaniletea utafiti wa mama mmoja anaitwa Annick De Houwer, ulitoka mwaka 2007, aliangalia karibu familia 1,900 za Flanders huko Ubelgiji ambako nyumbani kunaongewa lugha nyingine na nje Kidachi. Takriban mtoto mmoja kati ya wanne alikuwa haongei ile lugha ya nyumbani. Mmoja kati ya wanne, na hao nyumbani kwao inaongewa! Ikawa inaonekana pia kwamba wazazi wote wawili wakiishikilia watoto karibu wote wanaipata, ikiwa inaongewa na mzazi mmoja tu na yeye mwenyewe anachanganya na ile ya nje, wengi hawaipati. Nyumba yetu ndo hiyo sasa, mtu mmoja mmoja kwa kila lugha. Sisi tayari tuko upande dhaifu bila nyie kutusukuma.

3. Getini

Kifupi tu maana nikiongeza nitakosa adabu. Mama mkwe amekuja kuwachukua watoto mchana, kawaita wajukuu, kawasalimia mwadila, wakaitikia. Mwalimu akamwambia mbele ya wazazi na makondakta wa basi kwamba hapa ni eneo la shule, lugha hiyo aiache nje. Mtu mzima yule. Hakujibu kitu. Tangu siku hiyo haji tena, namlipa bodaboda.

4. Siku ya utamaduni

Kila mwaka mnatuchangisha hela ya mavazi, watoto wavae, washike majembe, wacheze bugobogobo mbele ya mgeni rasmi. Tunatoa, tunapiga makofi, tunapiga picha. Zile nyimbo za bugobogobo ni za lugha gani? Mwaka jana watoto walikuwa wanafumbua midomo spika ikiimba, hakuna aliyejua anaimba nini, na akiijua akaiimba kesho yake kwenye mapumziko anavishwa kibao. Kutoka hapo shuleni mpaka makumbusho ya Wasukuma ya Bujora pale Kisesa ni mwendo wa daladala tu, mmeshawahi kuwapeleka watoto? Tungechangia kwa moyo mweupe kuliko hiyo hela ya vitenge na manyoya ya kuku.

5. Majina na lafudhi

Rejista yenu imejaa Masanja, Mabula, Shija, Kulwa na Doto. Mnayaita asubuhi bila shida. Halafu mtoto akisema neno kwa lafudhi ya kwao mwalimu anamuigiza darasa zima lianguke kicheko. Utani wa Wasukuma na ushamba nchi hii tumeuzoea, watu wazima tunacheka na tunajibu mapigo. Mtoto wa chekechea hana mapigo ya kujibu. Naomba uishie kwetu watu wazima.

Najua mtakachojibu

Mtasema wazazi wenyewe ndo wanataka Kiingereza. Ni kweli, na mimi ni mmoja wao. Fundisheni, tena kazeni, darasani ongeeni Kiingereza kuanzia kengele mpaka kengele sina neno. Sijaomba hesabu ifundishwe kwa Kisukuma, najua sera za elimu za nchi hii hazina hiyo kitu. Naongelea mapumziko, getini, na sebuleni kwangu.

Mtasema lugha nyingi zinamchanganya mtoto. Hapa ndo huwa nashangaa maana tuko kanda ya ziwa jamani. Ukerewe mtoto anakua na Kikerewe nyumbani, jirani ni Mjita, mwenye mtumbwi ametoka Ukara na Kikara chake, mnunuzi wa dagaa Msukuma, shuleni Kiswahili, na hajawahi kulazwa kwa ajili hiyo. Mtoto mdogo kuchanganya maneno ya lugha mbili kwenye sentensi moja ni hatua ya kawaida, anatumia alichonacho, na walimu wenu nao kwenye vikao wanaongea Kiswahili nusu Kiingereza nusu hakuna anayewapeleka hospitali. Mtoto akichelewa kuongea apimwe masikio, aangaliwe na wataalamu, lugha ya bibi sio ugonjwa. Na kama ingekuwa inazuia Kiingereza basi Mwalimu Nyerere tusingemsikia. Mzanaki wa Butiama, alianza shule pale Mwisenge Musoma ana miaka kama 12, lugha yake ya kwanza Kizanaki, akaenda Makerere, akaenda Edinburgh, akarudi akakaa chini akatafsiri Shakespeare kwa Kiswahili. Mkinionyesha mhitimu wetu mmoja aliyeokolewa na kibao akafika huko nitafuta hii barua.

Mtasema ukabila. Hili nalichukulia kwa uzito kwa sababu mimi mwenyewe nimeolewa nje ya kabila langu na Kiswahili ndicho kilichonipa mume, kwa hiyo kunihubiria umoja wa kitaifa ni kunionea. Nchi hii ilifanya kazi kubwa kuhakikisha hatuulizani kabila ofisini na kwenye foleni. Lakini hiyo Tanzania yenye umoja ndiyo iliyoandika Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997, na sera ile inasema wazi kwamba jamii zetu ziendelee kuzitumia lugha zao za asili na kujivunia. Na nchi hii iliridhia mwaka 1991 ule Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, kifungu cha 29 kinataka elimu imfundishe mtoto kuheshimu wazazi wake, utamaduni wake na lugha yake. Ukabila ni kumnyima mtu kazi kwa sababu ya kwao. Mtoto kuimba wimbo wa bibi sio hiyo.

Mwingine atasema Wasukuma ndo kabila kubwa kuliko yote Tanzania, lugha yao haiwezi kupotea, huyu mama anapiga kelele za bure. Kwanza lugha haipotei kwa kuhesabu nchi nzima, inapotea nyumba kwa nyumba, na nyumba za mjini ndo zinatangulia na za vijijini zinaiga mjini. Pili mimi sio Msukuma. Sisi Wakerewe ni wachache, Wakara ndo wachache zaidi. Kisiwani kwetu alikuwepo mzee Aniceti Kitereza, alizaliwa mwaka 1896, aliandika riwaya ndefu kwa Kikerewe akaimaliza 1945, akazunguka na muswada wake miaka na miaka hakuna wa kuichapa kwa lugha ile, ikabidi aitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili ndipo ikatoka 1980, na mwaka uliofuata akafariki. Kiswahili kimepata kitabu kizuri sana, nashukuru. Ila najiuliza huyu kitinda mimba wangu wa chekechea akikua, akapewa ule wa mzee wa Kikerewe asome, ataweza? Kwa mwendo wa shule yenu jibu ni hapana, na mimi sikubali jibu hilo litolewe na mwalimu wa zamu.

Na mtasema hizi sheria za shule ulisaini fomu ukakubali. Nilisaini fomu ya kujiunga. Waraka umekuja baadaye, na kibao hakimo kwenye fomu, nimeipitia tena mstari kwa mstari.

Ninachoomba

Kwanza, kibao kiondolewe, na kiondolewe kwa tangazo asubuhi mstarini ili watoto wasikie kwa masikio yao, msikifiche kabatini halafu kikarudi mkaguzi akiondoka. Watoto waliokuwa wanafagishwa kwa sababu hiyo waambiwe hawakufanya kosa.

Pili, ule waraka ufutwe kwa waraka mwingine, kwa maandishi, useme shule inasimamia lugha ya darasani na nyumbani ni mamlaka ya wazazi.

Tatu, mapumziko na getini mtoto aongee anavyotaka na mzee aliyekuja kuchukua mjukuu asalimie anavyosalimia. Na yule mwalimu ampigie mama mkwe simu amuombe radhi, namba yangu mnayo, nitampa mama aongee. Hapa sina majadiliano.

Nne, hili ni ombi tu sio dai. Tengeni kipindi kimoja cha chini kwa wiki, hata nusu saa ya Ijumaa mchana ambayo tunajua watoto wanalala tu, mzee mmoja aje awasimulie watoto wa chekechea hadithi kwa lugha yake. Wiki hii Kisukuma, wiki ijayo Kikerewe, Kijita, Kizinza, Kihaya, Kikurya, wazazi wapo wa kila namna hapo. New Zealand walianza hivi mwaka 1982, Wamaori, walipoona wajukuu hawaongei tena na mabibi wakakusanya wazee na watoto ambao hawajafika umri wa shule wakakaa nao wakiongea Kimaori, vituo vile wakaviita kohanga reo na mpaka leo vipo. Walichokuwa nacho ni wazee na mikeka. Sisi wazee tunao na mikeka nitaleta mimi. Wala hakuna mchango wa fedha hapo, nawaahidi wazazi kabla hawajaanza kushtuka.

Tano, grupu lifunguliwe.

Naomba majibu kwa maandishi kabla ya kufunga muhula huu, na mada hii iwekwe kwenye ajenda ya kikao cha wazazi, mapema, isiwekwe kwenye mengineyo saa ambayo watu wameshasimama wanatafuta funguo za pikipiki. Kama nitajibiwa tena ni sera ya shule basi naomba nakala ya hiyo sera yenye mhuri, nitaipeleka kwa Afisa Elimu Kata, kwa Afisa Elimu wa Jiji na kwa Wathibiti Ubora wa Shule waniambie kama wanaitambua. Watoto siwahamishi na ada nitalipa kama kawaida, kwa hiyo anayefikiri hili litaisha kwa mimi kuondoka avute subira.

Wazazi ambao mlianza kuongea grupu likafungwa, andikeni hapa chini yaliyowakuta watoto wenu, bila majina ya walimu tafadhali, tuyapeleke kikaoni pamoja.

Wenu katika malezi,

Mama Kulwa na Doto
Buhongwa, Mwanza